Reli ya Fundi Yohane

Hapana, hakuiba. Hao wanaosema Alphonce aliiba reli ya marehemu baba yake wanamwonea, na mtu asionewe hata kama hana haya. Aligawiwa. Mchana kweupe, wazee wamekaa kwenye mabenchi, chai imenywewa, mihogo imeliwa, na kila mtu akaitikia kwamba sawa. Ungekuwa wizi ingekuwa afadhali, maana mwizi utampigia yowe. Aliyegawiwa utamfanya nini?

Na reli yenyewe si hii ya treni, usije ukachanganya. Ni chuma cheupe, bapa, chepesi, kirefu kumpita mtu mzima, na mgongoni kina tuta jembamba linalokwenda mwanzo mpaka mwisho. Unakilaza juu ya ubao. Halafu unachukua msumeno wa umeme, ule wa sahani inayozunguka, chini yake una mfereji, mfereji unakaa kwenye lile tuta, basi kazi yako ni kusukuma tu. Haupindi huku wala huku. Pembeni kuna ukingo wa mpira mweusi. Siku ya kwanza mpira unakuwa mpana, unapitisha msumeno wako unaukata, na kuanzia siku hiyo ukingo wa mpira ndio unakuonyesha jino litapita wapi. Unachora mstari kwa penseli, unaweka mpira kwenye mstari, unakata, ubao unatoka kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Lakini ukichukua msumeno wa mtu mwingine, jino lake linakaa pengine, mpira unakudanganya. Kwa hiyo msumeno ule na reli ile ni kinu na mchi. Fundi Yohane alivinunua pamoja, kwa mkandarasi aliyemaliza kujenga nyumba za wageni huko Irente, na mkewe Filomena ndiye miaka yote alikuwa akishika ncha ya pili ya ubao usianguke. Alivijua.

Siku ya kugawa, aliyeongoza alikuwa Zabron, kaka yake marehemu. Mtu huyu hajawahi kutengeneza hata kigoda, lakini ukimpa cha kugawa anakaa wima kama zumbe, yule chifu wa zamani. "Sisi hapa hatupendelei," akasema. "Watoto wawili wa kiume, Alphonce mkubwa na Severin mdogo. Kila kitu nusu kwa nusu." Jembe huyu, shoka yule. Redio akapewa Severin, sola yake akapewa Alphonce. Filomena alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, akasikia hiyo ya redio akadhani ni masihara. Akaangalia nyuso za wazee. Hakuna aliyecheka.

"Msumeno wa umeme," Zabron akasema, "apewe Severin, kwa sababu amefuata ufundi wa baba yake."

"Na mimi?" Alphonce akauliza. Huyu anauza mitumba Mombo, kule chini barabara kuu. Msumeno hajaushika tangu azaliwe.

"Wewe chukua hii chuma ndefu. Ukiangalia, ni kubwa kuliko msumeno."

Filomena akasimama. "Shemeji, hivyo viwili haviachani. Ni kitu kimoja."

"Shemeji, tulia, na wewe tutafika kwako."

"Mama kila siku anambeba mziwanda wake," Alphonce akasema, watu wakacheka kidogo.

Filomena akamtazama Severin. Huyu ndiye angesema. Alikuwa na umri wa kusema, ana mikono ya kazi, anajua mpira ni nini na mstari ni nini. Severin akanyanyua mabega. "Achukue tu. Mimi fundi. Fundi habebwi na chuma."

Basi. Filomena akatoka nje na kikombe chake cha chai, akaimwaga yote kwenye mgomba. Ilikuwa bado ya moto, na hamu nayo alikuwa nayo. Amewazaa hawa, amewanyonyesha, na leo wanagawana redio na sola yake, na wazee wazima wanahesabu kwa vidole kwamba wametenda haki.

*

Banda la kazi la Yohane liko Lushoto mjini, nyuma ya nyumba ya wageni ya Bi Kuluthumu. Huyu mama ni mtu wa Tanga, amepanda mlimani na biashara yake, maneno yake yana pilipili. Alimruhusu Yohane ajenge banda uwanjani kwake bila kodi, mradi kazi za nyumba ya wageni zifanywe kwanza. Kabla Yohane hajafa alikuwa amepokea kazi ya makabati ya nguo ya vyumba vyote. Plaiwudi zililetwa kutoka Tanga, nene, zina sura nzuri ya mninga juu. Zililetwa za kutosha, hazikuletwa za kuchezea.

Severin akaanza. Reli hana, akatafuta ubao mwembamba wa msonobari, wa msitu wa Shume, akaugongea misumari juu ya plaiwudi uwe kiongozi. Sasa mafundi wengi wanafanya hivyo na kazi inatoka, usidhani ni kosa. Lakini ule msonobari ulikuwa mbichi. Asubuhi umenyooka, mchana jua likapiga bati la banda, ukaanza kujikunja taratibu kama mtu mwenye chango. Na jambo la pili ndilo baya. Ukitumia ubao wa kuongoza, lazima upime kutoka kwenye jino la msumeno mpaka kwenye ukingo wa kitako chake, umbali huo uuongeze. Severin alikua akimwona baba yake anaweka mpira kwenye mstari na kukata. Ule umbali hajawahi kuupima hata siku moja, mpira ulimpimia. Akaweka ubao juu ya mstari, moja kwa moja, akakata.

Upande wa kabati ukatoka mwembamba. Tena mwembamba wenye mawimbi, na ile sura ya mninga juu imenyofoka njia nzima, nyuzi zimesimama.

Bi Kuluthumu akaja na kanga yake mabegani. Filomena alikuwa hapo anafagia maranda.

"Shikamoo mama," Severin akasema.

"Marahaba. Hii nini?"

"Upande wa kabati, mama."

"Mbona una kiuno?"

Severin akaanza kupangusa vumbi kwenye ule ubao.

"Mimi nimeagiza kabati, mwanangu, sikuagiza mchumba." Akapitisha kidole pembeni ya ubao, kidole kikanasa, akakirudisha na kijiti cha mbao kimechoma. Akakinyonya, akatema. Halafu akamgeukia Filomena, maana aliyeaibika ni mtoto lakini anayepigwa ni mama. "Mama Alphonce, mume wako alikuwa akiniunganishia mbao mbili siwezi kupitisha wembe. Sasa hapa napitisha paka."

"Kuna kifaa hakipo, Bi Kuluthumu. Kilikwenda kwenye mgao."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia, wanacheka huko sokoni. Redio kwa huyu, sola kwa yule." Akafunga kanga vizuri. "Sikiliza. Jumamosi asubuhi nakuja na fundi Darweshi, ameshafika kutoka Tanga, anamaliza kazi ya watu hapo juu. Nikikuta pande zimekatwa sawa, endeleeni, na banda lenu. Nikikuta viuno, Darweshi anaanza siku hiyohiyo, na banda ni la mwenye kazi. Uwanja ni wangu. Urithi ni wenu."

Akaondoka. Severin akaupiga teke ule ubao wa msonobari. Filomena akaweka ufagio chini. Banda likienda hakuna pengine. Nyumbani kwao ni chini ya Irente, mteremko mtupu, hata kuku akiteleza anafika kwa jirani. Hapo huweki mashine, na mteja hashuki huko kutafuta kabati. Kula yao yote ilikuwa inatoka kwenye lile banda.

"Nenda Mombo kwa kaka yako," akamwambia Severin.

"Siendi. Nikamwangukie Alphonce? Atanicheka mpaka meno yaote jino lingine."

"Siku ile, 'Achukue tu.' Wewe ulisema hivyo, kinywa chako."

"Nilisema ndiyo. Sasa nirudi kulamba?"

Filomena akamtazama kijana wake, ndevu zimejaa vumbi la mbao, mdomo umevimba kama wa mtoto aliyenyimwa andazi. "Basi nitakwenda mimi," akasema, "nikamwangukie niliyemzaa. Wewe kaa hapa ulinde heshima yako isiibiwe."

*

Ukitoka Lushoto umevaa sweta, ukifika Mombo unalivua linakuwa mzigo. Joto la huku chini ni kama mtu amekupulizia pumzi mdomoni. Filomena aliiona meza ya Alphonce kwa mbali, karibu na wanapouza vitunguu na machungwa kwa watu wa mabasi, na kabla hajamwona Alphonce akaiona reli.

Ilikuwa imetundikwa.

Ameitoboa. Ametoboa matundu kwenye ncha zote mbili, akapitisha kamba ya katani, akaining'iniza kwenye nguzo mbili za banda lake, tena kichwa chini, tuta limeangalia ardhi. Na juu yake amepanga makoti ya baridi ya wazungu, mazito, moja baada ya jingine, na mwishoni sidiria za kila rangi. Vyuma vya kutundikia nguo vimeshika kwenye ukingo wa mpira, vimeutafuna kama mbuzi alivyotafuna mahindi. Na katikati, kwa uzito wa yale makoti, reli imelegea, imeshuka tumbo.

"Shikamoo mama," Alphonce akasema. Hakuinuka kitini. Mkono mmoja una simu.

Filomena hakuitikia kwanza. Hilo ni jambo kubwa kwetu, shikamoo kuachwa hewani. Mkewe Alphonce, Jenipher, aliyekuwa anakunja suruali, akasimama haraka akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama. Karibu kivulini."

"Marahaba mwanangu." Halafu kwa Alphonce, "Umeitoboa."

"Sasa ningeifunga na nini? Mama, hii kitu imenisaidia sana. Zamani nilikuwa natandika chini, watu wanachagua wamechuchumaa. Sasa mteja anaona akiwa ndani ya basi."

"Ndugu yako anataka kukata mbao za Bi Kuluthumu. Jumamosi banda linachukuliwa."

"Nimesikia." Akaweka simu chini. Akajikuna shingo, na uso wake ukawa kama wa mtu anayepanga bei ya koti. "Mimi sina ubaya. Akodi."

"Nini?"

"Akodi. Siku moja moja. Kila biashara ina utaratibu, mama. Ningemwomba msumeno angenipa bure?"

"Msumeno wewe wa nini?"

"Ndiyo nasema. Kila mtu na chake."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua koti akageuka kusikiliza, ameshika mkono wa koti lakini halitazami. Muuza vitunguu naye ameacha kupanga vitunguu. Alphonce akaona watu wanaangalia, akainuka, akachomoa koti moja la kike la kijani kwenye rundo la chini, akamwekea mama yake mabegani. "Chukua hili, huko kwenu baridi. Bure, mama. Ili usiseme Alphonce mchoyo."

Lilikuwa na harufu ya jasho la mtu asiyemjua, jasho la zamani, limechanganyika na dawa ya mende. Kola ina weusi. Filomena akalivua polepole, akalikunja, akaliweka mezani. Kisha akaenda kwenye reli akaanza kushusha makoti. Moja moja, analikunja, analipanga mezani. Akashusha na sidiria, akazipanga mbili mbili mbele ya wanaume wa vitunguu.

"Mama, unafanya nini? Mama, wateja."

Jenipher akaja upande wa pili. Mumewe akamkodolea macho. Jenipher akasema, "Na mimi nachoka kuona watu wanatusema," akaanza kushusha naye.

Reli ilipobaki tupu Filomena akafungua kamba ya ncha moja. Alphonce akaruka akashika ncha nyingine. Wakabaki hivyo barabarani, mama huku na mtoto kule, chuma katikati, na basi la kwenda Moshi limesimama hapo abiria wote dirishani. Alphonce akavuta. Filomena hakuvuta.

"Shika vizuri," akamwambia. "Inakunjika."

Alphonce akaacha kuvuta, akashika vizuri, maana alikuwa anahofia mali yake.

"Nitaisindikiza mwenyewe," Alphonce akasema mwisho. "Inakata, inarudi. Siiachi huko mlimani ikakaa miezi. Na nampigia baba mkubwa Zabron aje awe shahidi."

Basi ndivyo alivyopanda mlima, amekaa na reli imeegemea bega lake, ameizungushia mkono kama polisi aliyemshika mahabusu.

*

Ijumaa mchana walikuwa wote bandani. Zabron alishafika, amekaa juu ya benchi la kurandia, miguu inaning'inia. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka mlangoni.

Severin aliitazama reli bila kuigusa. Alphonce akailaza juu ya plaiwudi, Severin akaisogeza kwa kijiti, kama mtu anayegeuza mzoga wa panya. Ncha mbili zimekaa, katikati imeinua mgongo, mkono unapita chini yake. Mpira umeliwa.

"Hii ndiyo reli ya baba," akasema. "Alikuwa anaifuta kwa kitambaa kabla hajala. Angalia. Inanuka kwapa."

"Inanuka pesa," Alphonce akasema. "Na ukiikwaruza na huo msumeno wako tutaonana."

"Mimi sikati na kitu kilichoning'iniza sidiria."

"Usikate. Nimebeba, naondoka."

"Ondoka."

"Wanangu," Zabron akasema, anaonekana amefurahi, "kila mmoja ana haki yake. Hapa anayekosea hayupo."

Hakuna aliyeondoka. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aombe. Mchana ukawa unakwenda, umeme upo, na siku hizi umeme kuwepo ni bahati, na plaiwudi zimelala hapo hazijakatwa.

Filomena alikuwa amekuja na chakula kwenye kikapu. Ugali kwenye hotipoti, maharage ya nazi kwenye kisufuria. Akatoa sahani. Akampa Alphonce ugali wote, peke yake. Akampa Severin maharage yote, peke yake. Na Zabron akapewa bakuli la maji ya kunawa, na chumvi. Akarudi akakaa juu ya gogo, akangoja waone aibu.

Sasa hapo kila mtu ukimsimulia anasema, basi wakaangua kicheko, wakapatana. Hawakupatana. Alphonce alitazama sahani yake, akatazama ya mdogo wake, akanawa, akaanza kumega ugali mkavu. Anatafuna, anameza kwa shida, macho yamemtoka. Severin akainua kisufuria akanywa maharage kama uji. Zabron akasema, "Umegawa vizuri shemeji," halafu akanyoosha mkono achukue tonge kwa Alphonce, na Alphonce akasogeza sahani mbali, akaikumbatia. Mtu na baba yake mkubwa.

Filomena aliwatazama wanavyokula. Ndani yake kitu kikakatika, si huzuni, huzuni ameshaimaliza kwa Yohane. Ni ule uchafu unaousikia ukifunua chungu cha mboga ya juzi. Akainuka. Akachukua penseli ya Yohane kwenye msumari, akapima plaiwudi, akachora mstari. Akailaza reli kwenye mstari. Akachukua msumeno, akauchomeka umeme, ukalia mara moja mikononi mwake ukamvuta mbele, na jino likagusa tuta la reli kwa mlio mkali.

"Mama," Severin akaweka kisufuria chini. "Mama, utaharibu plaiwudi. Haijabaki ya ziada."

"Mama, reli," Alphonce akasema, mdomo umejaa ugali. "Anaikata reli yangu, jamani."

Wakaja wote wawili, mbio. Usidhani walikuja kwa mapenzi. Huyu alikuja kwa ajili ya ubao na yule kwa ajili ya chuma chake, na mama yao angekatika vidole ndiyo wangekumbuka kwamba naye yupo. Filomena aliliona hilo vizuri kabisa. Akaachia msumeno kwa Severin, akaenda ncha ya pili ya ubao, mahali pake, akashika.

"Mpira umeisha," Severin akasema, sasa anaongea kama fundi, hamwangalii mtu. Akabandua masalia yote. Akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akakata ukanda mrefu kwa mkasi, akaupaka gundi, akaubandika ukingoni mwa reli, ukazidi nje kidogo. Wakangoja gundi ishike. Halafu akailaza reli juu ya ubao wa kutupa, akapitisha msumeno, polepole, njia nzima, na ule mpira wa baiskeli ukakatwa sawa na jino. Tangu hapo ukawa unasema kweli.

"Bado huo mgongo," akasema. Akafunga ncha mbili kwa jiriwa za mkono. Katikati ikabaki imeinuka. "Mtu aibane. Kwa huku nyuma, viganja viwili, alalie kwa kifua. Asitikisike. Ikiinuka kidogo tu, ubao unapata kiuno."

"Abane nani?" Alphonce akauliza.

"Mwenye reli."

Alphonce akamtazama Zabron. Zabron akatazama ukungu nje. Basi Alphonce akavua saa, akalala kifudifudi juu ya meza, viganja kwenye ukingo wa nyuma wa reli, shavu karibu na ubao, na Severin akawasha. Msumeno ukapita mbele ya pua yake, na vumbi lote la plaiwudi, lile jembamba lenye harufu ya gundi, likamwingia puani, mdomoni, machoni, juu ya ule ugali mkavu aliokula. Alikohoa lakini hakuinua mikono. Angeinua, reli ingepanda kwenye jino.

"Usipumue," Severin alimwambia.

"Nitakufa."

"Tukishakata ndiyo ufe."

Wakakata upande wa kwanza. Severin akauinua, akaweka jicho. Wakakata wa pili, akausimamisha na wa kwanza mlangoni, uso kwa uso, mwanga wa nje nyuma yake. Haukupita mwanga. Akarudisha plaiwudi nyingine mezani, Alphonce akalala tena bila kuambiwa. Wakaendelea hivyo mpaka upande wa mwisho, na Filomena kwenye ncha yake, mikono inamuuma, anasikia mbao zinaachana sawasawa chini ya viganja kama zamani, na hakufurahi. Alitaka kufurahi, lakini alikuwa anamwona Alphonce kila baada ya mkato anafuta reli kwa shati na kukagua kama imekwaruzwa.

*

Jumamosi Bi Kuluthumu akaja na Darweshi, mtu mfupi wa maneno machache, kalamu sikioni. Darweshi akachukua pande mbili, akazibandika, akafumba jicho moja. Akageuza, akabandika tena. Akapitisha ukucha.

"Zimekatwa," akasema. Akavaa kofia yake.

"Zimekatwa vipi?" Bi Kuluthumu akamuuliza.

"Zimekatwa, mama. Mimi hapa sina kazi." Akaondoka kurudi kwenye kazi ya watu.

Bi Kuluthumu alizunguka banda. Akasimama mbele ya ule ubao wenye kiuno, ulioegemezwa ukutani. "Huu utaulalia mwenyewe," akamwambia Severin. "Sitaki kuukuta chumbani kwa mgeni hata kwa nyuma." Halafu akamtazama Alphonce, nywele nyeupe kwa vumbi, macho mekundu. "Na huyu?"

"Kaka yangu. Mwenye reli."

"Ah. Huyu ndiye mwenye sola." Akacheka kwa pua. "Banda kaeni. Makabati yakisimama vizuri, vyumba vya juu navyo vinataka vitanda. Lakini siku nikisikia mmegawana na nyundo, kichwa huyu na mpini yule, nafunga geti." Akamgusa Filomena begani akapita.

Alphonce alikuwa ameshaanza kufungua jiriwa aondoe reli yake. Aliposikia vitanda, mkono ukasimama. Akaifunga tena, taratibu.

Walishuka nyumbani chini ya Irente wakiwa wanne, maana Zabron naye alifuata, hakuna mtu aliyemwalika wala aliyemzuia. Filomena akasonga ugali, akaunga maharage yaliyobaki jikoni, akaongeza mnavu wa shambani. Wanaume wamekaa nje ya mlango wa jiko, kila mmoja anaangalia upande wake.

"Reli naiacha bandani," Alphonce akasema. "Lakini ni yangu. Ijulikane. Nitakuwa nakuja kuiangalia."

"Na msumeno ni wangu," Severin akasema. "Ijulikane na hilo."

Zabron akakohoa kama mtu anayetaka kufungua kikao. "Kwa hiyo itabidi tukae, tuweke utaratibu wa..."

Filomena akatoka na sinia, akaliweka chini katikati yao. "Na ugali huu ni wangu," akasema. "Nimeusonga mimi, kwa unga wangu. Anayetaka kula anawe akae. Anayetaka kikao, njia ya kushuka Mombo ile pale."

Wakatazamana. Severin akavuta jagi. Wakanawa kwenye beseni moja, maji yakawa na utando wa vumbi la mbao juu. Wakajisogeza kwenye sinia, magoti yakagusana kwa kuwa nafasi ni ndogo, na Zabron akawahi upande wenye mboga nyingi. Alphonce bado ana unga wa plaiwudi ndani ya sikio. Severin anatafuna mdomo wazi kama baba yake. Filomena akasimama akawatazama, damu yake yote imekaa hapo chini inamega matonge, na mate yakamjaa mdomoni, yale ya kutapika. Akatafuta pa kutema. Lakini pale ni mlangoni kwake.

Akameza. Akavuta kigoda, akamwambia Zabron asogee, akakaa, akala.